Mume wa Bibi Yuko Soba

Maisha yangu yote nimelala nje ya nyumba yangu mara chache sana, na nyingi kati ya hizo nilikuwa nimelazwa hospitali. Sijivuni, natoa taarifa. Jirani yangu hapa Kibiti, muuza chapati, husema siku nikifa hawatapata taabu ya kunitoa nje. Watanizika palepale chini ya cherehani, miguu ikiwa kwenye pedeli. Nashona barazani. Nikiinua macho naona mabasi ya Kusini yanapita, na hiyo kwangu ni safari ya kutosha. Abiria wanakwenda kwa niaba yangu.

Kwa hiyo mtu akikwambia kuna mwaka nilipanda gari kwenda Dar es Salaam, nikarudi, kisha nikaenda tena, jua kulikuwa na jambo. Jambo lenyewe alikuwa mdogo wangu wa kiume.

Mama yetu alifariki tukiwa wadogo, baba akaoa Ngorongo akabaki huko, na sisi wawili tukalelewa na bibi yetu mzaa mama Maparoni, kule delta. Kwa Bibi, mdogo wangu hakuwahi kuwa mjukuu. Alikuwa mume. Bibi wote wa kwetu huwatania wajukuu wa kiume hivyo, lakini wengine hutania mara mojamoja, kwenye harusi au mgeni akija. Bibi yetu alikuwa na ndoa kamili. "Mume wangu kaamka?" "Mume wangu kala?" Mimi nilikuwa mke mwenza, na nilikaa kama mke mwenza: kichwa cha samaki na ubavu vilikwenda kwa bwana, mkia ulinijia mimi na maneno juu yake. "Mke mwenzangu, usininunie. Mimi ndiye mkubwa."

Msimu wa mpunga tulihamia shambani na kukaa kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji, ili tuamie ndege wasimalize punje. Mdogo wangu alikuwa na sauti. Akipiga ukelele mmoja, ndege wa mashamba matatu waliruka na wenye mashamba wakashukuru. Bibi alisimama chini, mpunga ukimfika kifuani, akaita, "Mume wanguuu, shuka ule!" Na yeye, mtoto wa miaka minane asiye na meno ya mbele, akajibu kwa sauti nzito ya kuigiza, "Weka hapo, mke wangu, naja." Mimi nilikuwa pembeni nakuna nazi, nikiwaza kwamba nikimaliza shule nitatafuta nyumba yenye sakafu ya saruji na sitatoka humo. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayakumsumbua mtu kunitafutia chuo, nikapata sakafu ya saruji. Ndoto zangu zilikuwa fupi, zikatimia.

Zake zilikuwa ndefu. Alikwenda Dar kubeba mizigo sokoni. Mwaka wa kwanza alirudi Idi na vitenge. Mwaka wa pili alileta salamu. Mwaka wa tatu hakuleta kitu, na nikimpigia simu najibiwa na yule dada mwenye sauti nzuri kwamba mteja ninayempigia hapatikani kwa sasa. Nilimzoea yule dada. Kuna siku nilimwitikia.

Aliporudi, alirudi mwenyewe, bila mzigo na bila sauti. Shati lilimning'inia kama limeanikwa. Vijana wa stendi walijua kabla yangu, wakaniambia bila kunizungusha: "Aunti, mdogo wako anakula unga." Nilipomfikishia Bibi habari hiyo aliuliza, "Wa mahindi au wa muhogo?" Sikucheka. Baadaye nilicheka, kisha nikaona aibu, kisha nikacheka tena, maana ilikuwa ama hivyo ama kulia na nilikuwa na nguo ya mtu mapajani.

Miezi ile sitaki kuieleza yote. Pasi yangu ya mkaa ilipotea. Kule Maparoni, mabati ya jiko la Bibi yaliondoka moja moja kana kwamba yamepata miguu. Arosto ilipomshika, yaani mwili ulipodai unga wake, alijikunja kwenye mkeka, kamasi na machozi vikimtoka, mifupa ikimuuma, na Bibi akamfunika kanga akisema ni malaria ya mjini. Akampeleka kwa shehe akaandikiwa kombe, akanywa aya za Mungu kwa zafarani, akatulia siku mbili. Siku ya tatu akaondoka na bati jingine.

Mwisho nilimpeleka hospitali. Ni hapa hapa Kibiti, kwa miguu, msinipigie makofi.

Nilidhani matibabu ya mtu wa unga ni kitu kimoja. Unampeleka mahali, wanamfungia, wanakurudishia safi, kama nguo kwa dobi. Nilimwambia hivyo muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akanitazama.

"Mama, huyu si shuka. Kaa chini."

Nikakaa. Akaanza kueleza, na mimi nikatoa daftari langu la vipimo nikawa naandika, kwa sababu nikisikia mtu anataja vitu kwa mpangilio mkono wangu huandika wenyewe. Akasema kwanza watampima: damu, mkojo, kifua kikuu, homa ya ini, maana unga hauji peke yake. Akasema kuna dawa ya maji inaitwa methadoni, inanywewa kila siku mbele ya mtoa dawa, inaondoa arosto ili mtu apate kichwa cha kufikiria. Mtu anaweza kuinywa miaka, na si aibu, kama vile mwenye sukari anavyotumia dawa yake. Akasema kuna kwenda na kurudi, mtu analala kwao, na kuna kulala soba, nyumba ambamo wanaishi pamoja miezi kadhaa, wanapika, wanafua, wanakutana kila siku kuzungumza. Wengine wa huko wameshaacha zamani na ndio wanaowashika mkono wapya. Kuna ushauri wa mtu peke yake, wa kikundi, wa familia. Kuna kufundishwa kazi. Kuna kufuatiliwa baada ya kutoka, na hiyo, akasema, ndiyo watu wanaisahau, wanadhani kutoka ni kumaliza.

"Na akirudia?" nikauliza.

"Anarudi, tunaanza tena. Mlango haufungwi."

Wiki ile mteja wangu mmoja aliyekuja kujaribu gauni alilisoma daftari akiwa amesimama, akauliza mbona kwenye ukurasa wake, chini ya kiuno na kifua, nimeandika mkojo kila mwezi.

Kitu kingine nilichokishika siku ile ni neno. Mtaani walimwita teja. Muuguzi, kila alipomtaja, alisema "mteja wetu". Herufi moja tu imeongezwa mbele, na mtu anapata haki ya kupanga foleni na kuitwa zamu yake ikifika. Mdogo wangu naye alilisikia. Alikaa wima kidogo.

Yeye mwenyewe alichagua soba. Ilipatikana nafasi kwenye nyumba moja pembezoni mwa Dar, ambako wakazi hupelekwa kila asubuhi hospitali kunywa dawa kisha wanarudi. Afisa ustawi wa jamii alijitolea kumsindikiza. Aliniuliza kama na mimi nitakwenda. Nilisema nina sare za shule za kumalizia.

Sare zilikuwa tatu. Ningezimaliza kabla ya adhuhuri.

Mdogo wangu alinijua. "Mwache dada," alimwambia yule afisa, "huyu akivuka daraja la Mkapa kwenda Kusini au Mbagala kwenda mjini anapata homa." Akapanda gari. Niliangalia mpaka gari lilipopotea, nikarudi kwenye sare.

Siku iliyofuata simu iliita. Bibi alikuwa kwangu wiki ile, ameketi kwenye mkeka anachambua mchele. Mimi nilikuwa napanga pindo, pini sita zimebanwa midomoni, siwezi kusema hata "haloo". Nikamsukumia Bibi simu, nimeiweka kwenye spika.

"Natafuta ndugu wa mteja wetu aliyefika jana," sauti ilisema. Kijana, lafudhi ya bara. "Mimi ni mshauri hapa soba. Naongea na nani?"

"Na mkewe," akasema Bibi.

Nilitaka kucheka, pini zikanikumbusha.

"Sawa, mama. Mmekaa pamoja muda gani?"

"Tangu azaliwe, mwanangu."

Mtandao ukakatakata. "…watoto mnao?"

"Ninao wanne waliobaki."

"Amewahi kukupiga?"

"Anipige? Kwa mikono ile? Tumuombee ashike kijiko."

"Na ungependa awe nyumbani lini?"

Hapo Bibi aliacha mchele. "Hata leo," akasema. "Mwambie mkewe kasema hata leo."

Mshauri akashukuru, simu ikakatika. Bibi akanirudishia simu akisema kijana ana adabu, anajua kutaniana. Na mimi nikakubali. Hata haikunijia kwamba upande wa pili kulikuwa na kalamu.

Soba wana utaratibu wa simu. Jumapili mchana ndugu wanaruhusiwa kupiga. Nilipiga Jumapili ya kwanza, nikampata. Sauti bado iko chini, lakini ipo. Bibi, ambaye alikuwa amesharudi Maparoni, alipiga pia, kisha akanipigia mimi.

"Mke mwenzangu, wamenikatalia. Wanasema wake wasipige mpaka itimie miezi mitatu."

Nikacheka mpaka nikashika cherehani. "Bibi, leo umempata mtani wa kukuweza."

"Si ndiyo nakuambia! Nimemwambia basi mpe salamu, sema mke hajalala. Akasema, mama, vumilia, ni kwa faida yake."

Jumapili ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Kufikia ya nne Bibi hakucheka tena, akasema utani ukizidi unakuwa dharau, na akaacha kupiga. Mimi nilimwona kijana amekosa kipimo lakini sikuuliza. Kuuliza kungeweza kuishia na mtu kuniambia njoo.

Wiki ya sita mdogo wangu aliniuliza, "Dada, mke wangu vipi?"

"Mzima. Anakuamkia."

"Mbona hapigi?"

"Alikuwa anapiga, wanamkatalia. Kuna mshauri wenu anamtania eti wake wasubiri."

Nilisikia nyuma yake mtu anaosha masufuria. "Dada," akasema, "wewe hujui kudanganya. Sema tu. Ni yale mabati."

"Mabati gani tena?"

"Nilimwachia jiko wazi, mvua zikaja. Angekuwa amenisamehe angepiga. Mimi naondoka Ijumaa. Naenda Maparoni, nimpigie magoti, halafu nitarudi."

Wote tunajua ile "nitarudi". Nyumba ile haikuwa na kufuli. Ukitaka kutoka unatoka. Na muuguzi alikuwa amenieleza mapema kwamba mtu akikosa dozi siku kadhaa mfululizo hapewi tena kama mwanzo, inabidi apimwe na kuanza upya kidogo kidogo, na kati ya hapo arosto inamkuta njiani. Njia ya kutoka Dar hadi Maparoni ina gari, ina boti, ina vijiwe. Nilijua hatafika kwa Bibi.

Alhamisi nilifunga baraza. Muuza chapati alitoka nje kuniangalia kama watu wanavyoangalia kupatwa kwa mwezi. Nilibeba chupa ya uji, kanga mbili, dawa ya tumbo, sindano na uzi, na mto. Ndiyo, mto. Kondakta aliniuliza kama nahama.

Nilifika kabla ya swala ya adhuhuri. Ile nyumba nilikuwa nimeiwaza kama jela yenye rangi ya hospitali. Nilikuta ua umefagiwa, magodoro yameanikwa juani, watu wazima wawili wanabishana juu ya vitunguu, na ukutani ratiba iliyoandikwa kwa mkono: dawa, usafi, kikundi, swala, chakula, cherehani. Cherehani! Kulikuwa na chumba chenye vyerehani vitatu na jamaa mmoja mwenye makovu mkononi akipambana na uzi uliojisokota. Nilimwambia pisha. Nilikuwa nimeshatoa bobini na kuirudisha vizuri kabla hata sijamwambia mtu mimi ni nani.

Mshauri alikuwa kijana kweli, wa huko Kanda ya Ziwa, mpole, kalamu sikioni. Nilimwendea nimejiandaa kumpa maneno.

"Baba, mbona unamnyima bibi kizee kuzungumza na mjukuu wake?"

"Bibi gani, dada? Hakuna bibi aliyepiga hapa. Anapiga mke tu."

"Mke gani?"

Akatoa faili. Nikasoma mwenyewe. *Mke: yupo, Maparoni. Watoto wanne. Ukatili: anakana. Mke ni mchangamfu, anamtegemea sana mteja, anataka arudi mara moja. Mawasiliano ya mke yasubiri miezi mitatu. Apangiwe ushauri wa ndoa.*

Niliisoma mara mbili. Nikamwambia, "Huyu mke ana miaka inayokaribia themanini. Ndiye aliyenilea mimi."

Kalamu ilimtoka sikioni. Akaniambia kwao bibi ni bibi, anaheshimiwa, hawezi kukuita mume. Nikamweleza. Akauliza, kwa unyenyekevu kabisa, "Na wewe ni nani kwake?" Nikasema mke mwenza. Akafunika uso kwa faili.

Nilicheka naye kidogo. Kosa lilikuwa la pini zangu. Lilikuwa la sare tatu. Ningepanda gari siku ile, ningejaza mimi ile karatasi.

Mdogo wangu aliletwa. Alikuwa ameongezeka, mashavu yamerudi, na mkoba wake mdogo ulikuwa tayari umefungwa, umewekwa kitandani. Nilikuwa nimeuona nikipita. Mshauri alimweleza mwenyewe, akamwomba radhi, kisha akampa simu yake papo hapo, Alhamisi, kinyume cha utaratibu wote. Ikaita muda mrefu.

"Nani?" sauti ya Bibi.

"Mumeo."

"Mume gani? Mimi nina waume wengi."

Mdogo wangu akageukia ukuta. "Yale mabati, mke wangu…"

"Mabati yana nini? Sasa nikipika naona mawingu. Zamani nilikuwa nabanwa na moshi mle. Wewe umekula?"

Akampa mshauri simu, akatoka nje, akakaa kwenye magodoro. Jioni ile mkoba ulifunguliwa. Nililala kwa shangazi wa yule afisa ustawi, juu ya mto wangu, na usiku kucha nilisikia magari ambayo hayakuwa yangu.

Asubuhi, kabla ya kurudi, waliniruhusu niwasindikize kwenye dirisha la dawa. Foleni ilikuwa ndefu na yenye adabu. Mtu anataja namba yake, anapewa kikombe kidogo, anakunywa, kisha lazima aseme neno lolote, ili mtoa dawa ahakikishe amemeza. Wengi husema "asante". Mdogo wangu alikunywa, akasema, "Maparoni."

Mtoa dawa alinieleza kwamba huyu husema hivyo kila siku. Alidhani ni asante ya Kindengereko.

Siku ya familia iliangukia miezi mitatu kamili. Bibi alitoka Maparoni kwa boti hadi Nyamisati, akapanda gari hadi kwangu, akalala, na alfajiri tukaondoka. Alikuwa hajavuka Kibiti kwa miaka. Alivaa kanga mpya na wanja. "Naenda kwa mume," alimwambia kondakta, "nipe kiti cha dirishani."

Walitukalisha kwenye mabenchi uani, kila mtu na watu wake. Waliokuwa na mgeni walijisogeza, wasio na mgeni waligawa chai. Mshauri alimjia Bibi, akainama kumwamkia. "Shikamoo, mke wa mteja."

"Marahaba, mwizi wa waume."

Bibi akamshika mdogo wangu mashavu, akayabinya kama mtu anayechagua embe, akasema wamemlisha, lakini hawajui kupika samaki, inaonekana machoni. Tukacheka. Kisha ikafika sehemu yetu. Mshauri alieleza kwamba muda wa kulala soba unakaribia kwisha na kila mteja anapanga na ndugu zake ataishi wapi baada ya hapo. Akamuuliza Bibi angependa nini.

Bibi hakufikiria. "Aje nyumbani. Mpunga umekubali mwaka huu. Dungu limeshasimama, limekosa mtu mwenye sauti tu. Mimi nikipiga kelele ndege wananiamkia."

Mdogo wangu aliangalia chini. "Dawa nakunywa kila siku, mke wangu. Kule kwetu hakuna dirisha."

"Basi wanipe hiyo chupa nikupe mimi. Nimekunywesha kwinini, nimekunywesha kombe, nitashindwa na hii?"

Mshauri akamweleza polepole kwamba haitolewi hivyo. Mtu akikaa muda mrefu na vipimo vyake vikawa vizuri, huenda akapewa ya siku chache aende nayo. Si sasa. Sasa ni kila siku, hapa, mbele ya mtoa dawa. Anaweza kupanga chumba karibu, asaidie jikoni hapa soba, aendelee na kikundi.

"Mpaka lini?"

"Sijui, mama. Sitaki kukudanganya."

Mdogo wangu akainua uso. Mpaka leo nikikumbuka namna alivyosema, nasimamisha cherehani.

"Bibi," akasema. "Ukisema nirudi, narudi."

Hakuwahi kumwita kwa neno hilo. Hata mimi nilishtuka, kama mtu amemtaja marehemu kwa jina. Bibi alikuwa anafunga pindo la kanga, akaacha mikono ilipo. Kikombe cha chai kilikuwa mbele yake, inzi akatua, hakumfukuza. Nilijua angesema njoo. Mimi mwenyewe nilikuwa natamani aseme. Nilishamwona yuko juu ya dungu, nilishasikia ndege wanaruka.

"Mimi si bibi yako," akasema. "Niache."

"Nini?"

"Niache. Mke anataka nyumbani, mume ana shughuli mjini, hiyo ndoa ya nini? Nipe talaka yangu, hapa, mashahidi hawa wanaona."

"Siwezi, mke wangu."

"Huwezi? Mabati uliyaweza."

Watu wa benchi la jirani walikuwa wamegeuka kutuangalia. Mdogo wangu alifuta pua kwa mkono. "Ngapi?" akauliza.

"Moja, mpumbavu wee! Tatu za nini? Moja, ya kurejea."

Akasema. Alisema kama inavyosemwa, nimekuacha talaka moja, na sauti yake haikuwa ya kuigiza. Ilitoka nzito yenyewe, ya mtu mzima. Bibi akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mshauri.

"Andika."

"Niandike nini, mama? Mara ya kwanza niliandika nikaharibu."

"Andika wameachana kwa moja, kwa wema. Anabaki kwenye dawa yake. Na mke yuko eda."

Kijana akaandika. Nilimwona akiandika kweli, herufi kwa herufi, wala hakutabasamu.

Kwenye gari la kurudi Bibi alijifunika kanga mpaka usoni. "Nipo eda," akasema, "msinisemeshe." Kondakta alipokuja alimwambia mimi ndiye msemaji. Kutoka Mbagala hadi Mkuranga, kutoka Mkuranga hadi Bungu, ile kanga ilikuwa inatikisika kidogo kidogo, nami nilitazama nje kwenye mikorosho nikajifanya mtu anayependa safari.

Tulifika kwangu jua bado liko juu. Nikawasha jiko, nikachemsha mihogo, nikampakulia. Bibi alikaa kwenye mkeka uleule, wanja umemshuka hadi mashavuni, anaangalia cherehani changu kana kwamba anakiona mara ya kwanza.

"Mke mwenzangu," akasema.

"Naam."

"Hiyo dawa anayokunywa. Tamu au chungu?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye lile dirisha. Nilikiona kikombe, nilimwona akimeza. Sikuuliza.

"Sijui, Bibi. Nitamuuliza Jumapili nikimpigia."

Akageuza muhogo kwenye sahani, hakula.

"Jumapili mbali," akasema.